Debye, Clausius-Mossotti au Lorentz-Lorenz: utumie kanuni ipi kwa gesi iliyo ndani ya uga wa umeme?

Jaza nitrojeni kavu kati ya bamba za kapasita iliyokuwa tupu kabisa, kwa kanieneo ya atmosfia 1 na joto la nyuzi 20 za Selsiasi. Uwezo wa kapasita hiyo kubeba chaji utaongezeka kwa sehemu 547 katika kila milioni. Badala ya nitrojeni weka amonia, ongezeko litafika kama sehemu 6,200. Weka heli, utapata 65 tu. Namba hizi zimepimwa mara nyingi na hakuna anayezibishia. Kazi huanza pale unapotakiwa kuzikokotoa, maana mbele yako ziko kanuni nne zenye sura inayokaribiana (kanuni fupi, Clausius-Mossotti, Debye na Lorentz-Lorenz), na vitabu vingi humfundisha mwanafunzi ile ya Clausius na Mossotti mwanzo kabisa, kisha vikamwacha aitumie kila mahali.

Nitasema msimamo wangu mapema. Kwa gesi ya kawaida, mambo mawili ndiyo yanayoamua: kama molekuli ina dipoli ya kudumu (upande chanya na upande hasi hata bila uga) au haina, na kama uga umetulia, unageuka kwa kasi ya redio, au unageuka kwa kasi ya nuru. Ukikosea hapo, jibu lako linaweza kupotoka mara kumi au zaidi. Ukikosea kwa kuchagua kanuni fupi badala ya ndefu, mara nyingi kosa ni dogo kuliko lile la kipimajoto chako. Nimeona wanafunzi wengi wakitokwa jasho kwenye marekebisho ya tarakimu ya nne huku wamesahau kwamba molekuli yao hugeuka.

Uga unaifanyia nini molekuli

Kila molekuli ina viini vyenye chaji chanya na elektroni zenye chaji hasi. Uga wa umeme husukuma viini upande mmoja na kuvuta elektroni upande wa pili, na molekuli ikawa na upande chanya na upande hasi. Huko ndiko kupolarishwa. Njia hii ya elektroni kusogea ipo kwa gesi zote, hata heli isiyoungana na kitu chochote. Msogeo wenyewe ni mdogo kupita kiasi. Chukua nitrojeni ndani ya uga wa volti milioni 3 kwa mita, kiwango ambacho hewa ya kawaida huanza kutoa cheche. Gawanya momenti ya dipoli inayopatikana (chaji mara umbali wa msogeo) kwa chaji ya elektroni 14 za molekuli hiyo: kila elektroni imesogea kwa wastani wa kama mita 2.6 × 10⁻¹⁶, yaani chini ya theluthi moja ya nusu kipenyo cha protoni. Ajabu ni kwamba msogeo huo, ukijumlishwa kwa molekuli zote, unapimika kwa vifaa vya maabara ya kawaida ya chuo.

Njia ya pili ni atomu zenyewe kusogea ndani ya molekuli, vifungo vikarefuka au kujikunja kidogo. Kwa gesi nyingi sehemu hii ni ndogo na watu huiacha. Kwa kaboni dioksidi na salfa heksafluoridi si ya kuacha, na nitaeleza huko mbele kwa nini.

Njia ya tatu inahusu molekuli ambazo tangu mwanzo zina upande chanya na upande hasi, kama maji, amonia na hidrojeni kloridi. Uga hujaribu kuzigeuza zielekee upande mmoja, huku joto likizivuruga wakati wote. Fikiria mitumbwi mingi iliyotia nanga kwenye maji yenye msukosuko na upepo mwepesi ukivuma: kila mmoja unayumba kivyake, lakini ukipiga wastani utakuta omo zimeelekea upepo kidogo. Kwa mvuke wa maji katika joto la kelvini 300, ndani ya uga uleule wa volti milioni 3 kwa mita, uwiano wa nishati ya uga kwa nishati ya joto, yaani μE/kT (μ ni momenti ya dipoli, E ni uga, k ni konstanti ya Boltzmann na T ni joto la kelvini), ni 0.0045 tu. Mwelekeo wa wastani ni theluthi ya hapo.

Hesabu hiyo ndogo inatuondolea mzigo mmoja mara moja. Iko kanuni kamili ya Langevin, ya mwaka 1905, iliyotungwa kwa ajili ya sumaku na baadaye ikatumika kwa dipoli za umeme, inayoeleza kinachotokea uga unapokuwa na nguvu mpaka dipoli zote zikakaribia kulala upande mmoja. Kwa gesi ya kawaida huihitaji. Tofauti kati yake na ukadiriaji wa mstari mnyoofu, kwa mfano huo wa maji, ni kama sehemu 1 katika milioni, na ukizidisha uga zaidi ya hapo gesi itapasuka kwa cheche kabla dipoli hazijajipanga.

Namba kwanza, kanuni baadaye

Kabla ya kuchagua, itazame gesi yako hapa. Dipoli ya kudumu imeandikwa kwa debye, kipimo cha momenti ya dipoli. Upolarikaji, yaani wepesi wa molekuli kupolarishwa, nimeuandika kama ujazo wa angstromu za ujazo (Å³), ambapo 1 Å³ ni mita za ujazo 10⁻³⁰. Safu ya mwisho ni ongezeko la konstanti ya dielektriki (ε), yaani uwiano wa uwezo wa kapasita yenye gesi kwa ule wa kapasita tupu, juu ya 1, kwa sehemu za milioni, katika nyuzi 20 na atmosfia 1, likikokotolewa kwa kanuni fupi, nitakayoieleza hapa chini, na kukadiriwa.

| Gesi | Dipoli ya kudumu (debye) | Elektroni na atomu kusogea (Å³) | Molekuli kugeuka (Å³) | ε − 1 (kwa milioni) |
|---|---|---|---|---|
| Heli | 0 | 0.205 | 0 | 65 |
| Argoni | 0 | 1.64 | 0 | 517 |
| Nitrojeni | 0 | 1.74 | 0 | 547 |
| Kaboni monoksidi | 0.11 | 1.95 | 0.1 | 645 |
| Kaboni dioksidi | 0 | 2.91 | 0 | 920 |
| Salfa heksafluoridi | 0 | 6.54 | 0 | 2,060 |
| Hidrojeni kloridi | 1.11 | 2.6 | 10.1 | 4,000 |
| Amonia | 1.47 | 2.2 | 17.8 | 6,300 |
| Mvuke wa maji | 1.85 | 1.45 | 28.2 | — |

Mvuke wa maji hauna namba ya mwisho kwa sababu katika nyuzi 20 hauwezi kufika atmosfia 1. Ungegeuka maji kitambo. Lakini tazama safu mbili za katikati: kugeuka kunachangia karibu mara ishirini ya kusogea kwa elektroni. Hapo ndipo kuchagua kanuni vibaya kunaumiza.

Tazama pia kaboni monoksidi na nitrojeni. Zote mbili zina elektroni 14 na uzito unaokaribiana sana. Kaboni monoksidi ina dipoli, lakini ni dhaifu mno kiasi kwamba kugeuka kunaongeza asilimia 5 tu hivi. Kwa hiyo kusema "molekuli hii ina dipoli" hakutoshi. Uliza ina dipoli kubwa kiasi gani, maana momenti huingia kwenye hesabu ikiwa imepigwa mraba.

Kanuni fupi dhidi ya Clausius-Mossotti

Kanuni fupi inasema ε − 1 = 4πNα′, ambapo N ni idadi ya molekuli katika mita ya ujazo na α′ ni upolarikaji kwa ujazo. Katika nyuzi 20 na atmosfia 1, N ni 2.50 × 10²⁵, na hesabu yote inakuwa nyepesi: zidisha Å³ kwa 315, umepata sehemu za milioni. Nitrojeni, 1.74 mara 315, ni 548. Hata kikokotoo huhitaji.

Clausius-Mossotti huandika upande wa kushoto kuwa (ε − 1)/(ε + 2), na upande wa kulia 4πNα′/3. Mossotti, Mtaliano, aliutoa mnamo 1850, na Clausius akaufikia kwa njia yake mwaka 1879. Wazo lake ni zuri: molekuli haihisi uga wa nje peke yake, inahisi pia uga wa jirani zake waliokwisha kupolarishwa. Katika kitu kigumu au kimiminika jirani wako karibu na jambo hili ni kubwa. Katika gesi ya atmosfia 1, wastani wa umbali kati ya molekuli na molekuli ni kama nanomita 3.4, takriban mara kumi ya upana wa molekuli yenyewe. Jirani wako mbali, na sauti yao ni ndogo.

Ndogo kiasi gani? Ukifungua mlinganyo huo utakuta marekebisho yake ni theluthi moja ya (ε − 1) yenyewe. Kwa nitrojeni, theluthi ya 547 ni 182: kanuni fupi inakosea kwa sehemu 182 katika milioni ya jibu lake. Sasa fikiria kipimajoto chako kimekosea kwa moja ya kumi ya nyuzi. Msongamano wa gesi hubadilika kinyume na joto, kwa hiyo kosa hilo pekee ni sehemu 340 katika milioni. Kipimajoto cha kawaida kimeshafunika marekebisho yote ya Clausius-Mossotti. Kwa amonia marekebisho yanafika asilimia 0.2, lakini amonia halisi ina msongamano unaozidi ule wa gesi bora kwa zaidi kidogo ya asilimia 1 katika hali hiyo. Anayeweka marekebisho ya jirani na kuacha kasoro ya gesi bora amelipa deni dogo na kuliacha kubwa.

Kwa hiyo ushauri wangu uko wazi: atmosfia 1, gesi isiyo na dipoli, tumia kanuni fupi bila kusita. Hamia Clausius-Mossotti gesi inapobanwa. Nitrojeni ya atmosfia 100 ina ε − 1 ya karibu 0.055, na hapo marekebisho ni karibu asilimia 2, kiasi ambacho hakifichiki. Ukifika huko kumbuka pia kwamba N haifuati tena kanuni ya gesi bora. Tafuta msongamano halisi kwenye majedwali kabla ya kugusa upande wa kushoto wa mlinganyo.

Debye: pale joto linapoingia

Peter Debye, Mholanzi mzaliwa wa Maastricht, alitoa kanuni yake mwaka 1912. Aliuongezea upolarikaji kipande kimoja: μ²/3kT. Kazi yake juu ya momenti za dipoli, pamoja na ile ya mtawanyiko wa eksirei na elektroni katika gesi, ilimpatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1936, na leo kipimo cha momenti kinaitwa kwa jina lake.

Kwa mkono, kipande hicho ni chepesi vilevile. Piga mraba wa momenti kwa debye, zidisha kwa 2,414, gawanya kwa joto la kelvini, unapata Å³. Katika nyuzi 20 ni sawa na kuzidisha mraba huo kwa 8.2. Amonia: 1.47 mraba ni 2.16, mara 8.24 ni 17.8; ongeza 2.2 ya elektroni, zidisha kwa 315, unapata 6,300. Iliyopimwa ni karibu 6,200. Hidrojeni kloridi katika nyuzi 0 inatoa 4,550 kwa hesabu, na majedwali yanasema karibu 4,600. Kwa kanuni yenye vipande viwili tu, huo ni ulinganifu wa kuheshimiwa.

Ukitumia kanuni isiyo na kipande hicho kwa amonia, utapata kama 690 badala ya 6,200. Hili ndilo kosa linaloonekana mara kwa mara kwenye mazoezi ya wanafunzi, na hakuna marekebisho ya jirani yatakayolifuta.

Lakini faida kubwa ya Debye si kukokotoa konstanti. Ni kwamba inakuwezesha kusoma umbo la molekuli kwa kapasita na jiko. Pima ε ya gesi katika majoto mbalimbali, kokotoa mchango wa kila molekuli, kisha chora grafu dhidi ya 1/T. Mstari ukilala bila mwinamo, molekuli haina dipoli ya kudumu. Ukiinuka, mwinamo unakupa μ², na pale mstari unapokata mhimili unapata upolarikaji wa elektroni na atomu. Zahn alipima hidrojeni kloridi na ndugu zake wa bromini na iodini kwa njia hii mwaka 1924. Methani na kaboni tetrakloridi hutoa mistari iliyolala, ilhali klorofomu na methili kloridi hutoa iliyoinama, kama inavyotarajiwa kwa molekuli ambazo ulinganifu wake umevunjwa. Kaboni dioksidi inalala: kwa hiyo oksijeni zake mbili zimekaa mkabala, kaboni katikati, dipoli mbili zikafutana. Maji yanainuka sana, kwa hiyo hidrojeni zake haziwezi kuwa mkabala, molekuli imepinda. Watu walilijua hilo kwa kupima gesi kati ya bamba za metali. Kwangu mimi hakuna jaribio la fizikia ya chuo linalotoa kingi kwa vifaa vichache namna hii, na inasikitisha kwamba kozi nyingi huliruka.

Namba 3 iliyo chini ya mstari katika μ²/3kT ina kisa chake. Debye aliipata kwa fizikia ya zamani, ya molekuli zinazozunguka kama vitu vya kawaida. Kisha Pauli mwaka 1921 na Pauling mwaka 1926 walijaribu kwa nadharia ya kwanta ya wakati huo, ile ya Bohr, wakapata namba tofauti kabisa, zilizofanya momenti zilezile zilizopimwa zionekane ndogo zaidi. Mekanika mpya ya kwanta ilipotumika mwaka huohuo wa 1926, theluthi ilirudi mahali pake, na Van Vleck akawa miongoni mwa walioonyesha kwamba inarudi kwa molekuli za namna nyingi. Kwa mtumiaji wa leo maana yake ni hii: katika joto la kawaida unaweza kuiamini kanuni ya Debye. Inahitaji tu kwamba nishati ya joto izidi kwa mbali hatua za nishati za mzunguko wa molekuli, na kwa hidrojeni kloridi hatua ya kwanza ni sawa na kelvini 30 hivi.

Lorentz-Lorenz: pale uga ni nuru

Nuru nayo ni uga wa umeme unaogeuka, mara trilioni mia kadhaa kwa sekunde. Kanuni ya Lorentz-Lorenz ni Clausius-Mossotti ileile, ila mahali pa ε pameandikwa n², mraba wa indeksi ya mpindo wa nuru, yaani namba inayoonyesha gesi inavyopunguza kasi ya nuru. Lorenz wa Denmark aliifikia mwaka 1869, Lorentz wa Uholanzi akaitoa kwa njia yake mwaka 1880.

Maxwell ndiye aliyetabiri kwamba ε na n² vinapaswa kuwa sawa, na Boltzmann aliupima utabiri huo kwa gesi mwaka 1874. Kwa hewa kavu ulinganifu unapendeza: katika nyuzi 0 n ni 1.000293, mraba wake 1.000586, na konstanti ya dielektriki 1.00059. Kwa kaboni dioksidi pengo linaanza kuonekana: n² − 1 ni karibu sehemu 900 kwa milioni, wakati ε − 1 katika hali hiyohiyo ni karibu 990. Asilimia 10 hiyo ni atomu zinazosogea. Nuru inageuka upesi mno, viini vizito haviwezi kuifuata. Elektroni pekee ndizo zinazoitika. Kwa salfa heksafluoridi pengo ni kubwa zaidi, karibu theluthi moja ya upolarikaji wote: 6.54 Å³ kwa uga uliotulia, 4.48 kwa nuru. Kwa hiyo usichukue indeksi ya mpindo kutoka jedwali la nuru ukaipiga mraba na kuiita konstanti ya dielektriki, hata kama molekuli haina dipoli. Kwa heli, argoni, nitrojeni na oksijeni unaweza. Kwa hizi mbili huwezi.

Na kwa mvuke wa maji, kufanya hivyo ni kupotea njia kabisa, na hapa mfano mzuri uko kwenye hewa ya pwani yetu.

Mwaka 1953 Smith na Weintraub walitoa kanuni ambayo wahandisi wa redio na wa vipimo vya setilaiti wanaitumia hadi leo. Ongezeko la indeksi ya hewa kwa mawimbi ya redio, kwa sehemu za milioni, ni 77.6 P/T + 373,000 e/T². P ni kanieneo yote na e ni ya mvuke wa maji, zote kwa hektopaskali. Angalia T zilivyokaa. Kipande cha kwanza kina T moja, ambayo ni msongamano wa gesi tu. Cha pili kina T mbili: moja ya msongamano na nyingine ya Debye. Hii ni kanuni ya 1912 iliyovaa nguo za kazi.

Chukua mchana wa Dar es Salaam wenye nyuzi 30, kanieneo ya 1,010 na unyevu wa asilimia 75. Mvuke una hektopaskali 32 hivi, yaani molekuli 3 katika kila 100. Kipande cha kwanza kinatoa 259, cha pili 129. Molekuli tatu katika mia zimechangia theluthi moja ya jumla! Panda Nairobi, yenye kanieneo ya kama 835; kwa nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 60 unapata 221 na 61. Sasa irudie hewa ileile ya Dar es Salaam kwa nuru: unyevu wote huo unapunguza indeksi kwa sehemu 1 hivi kwa milioni, kwa sababu molekuli ya maji isiyoweza kugeuka upesi hivyo ina upolarikaji mdogo kuliko ule wa nitrojeni iliyoipisha. Hewa moja, saa moja: kwa redio maji ndiyo yanayotawala mabadiliko, kwa nuru ni kama hayapo.

Anayefanya kazi na vipokezi vya GPS anaujua uzito wa jambo hili. Hewa kavu huchelewesha mawimbi kutoka utosini kwa kiasi kinacholingana na mita 2.3 za njia kwenye usawa wa bahari, na mvuke katika tropiki unaweza kuongeza sentimita 30 au 40 zinazobadilika siku hadi siku. Kutumia masafa mawili, mbinu inayofuta kosa la ayonosfia (tabaka la juu la angahewa lenye chaji), hakusaidii hapa, kwa sababu dipoli za maji hufuata masafa yote mawili sawasawa. Vituo vya kudumu kama kile cha Malindi hulazimika kukadiria unyevu pamoja na mahali. Angalizo moja kwa wa masafa ya juu: maji yana mstari wa ufyonzaji kwenye gigahezi 22.2, na karibu yake kanuni ya vipande viwili haitoshi.

Na kipimo?

Kuchagua kanuni kunakwenda pamoja na kuchagua kifaa, kwa kuwa kila kifaa hujibu swali lake. Kapasita huona njia zote tatu za upolarishaji. Ndiyo chaguo la grafu ya Debye, na inatosha kwa amonia au hidrojeni kloridi hata maabara ikiwa ya kawaida. Kwa heli ni kazi ngumu. Bamba za alumini hutanuka kwa sehemu 23 katika milioni kwa kila nyuzi, na uwezo wa kapasita hufuata. Joto la chumba likipanda nyuzi 3 umeshapata badiliko la kughushi linalolingana na heli yote uliyoingiza.

Kipimo cha mawimbi mawili ya nuru yanayokutana huona elektroni tu, lakini kinaona vizuri. Seli ya sentimita 10 ndani ya kifaa cha Michelson, leza nyekundu ya nanomita 633, hewa ikiingizwa polepole mpaka atmosfia 1: mistari karibu 86 itapita mbele ya macho yako, na kuhesabu ni bure. Kwa shule yenye leza na pampu ya mkono ningechagua hiki. Kati yao kuna uvungu wa mikrowevu unaovuma kwa masafa yake. Essen na Froome wa maabara ya taifa ya vipimo ya Uingereza waliutumia mwaka 1951 kupima hewa na gesi zake kwa gigahezi 24, na matokeo ya namna hiyo ndiyo yaliyoipa kanuni ya redio namba zake.

Jambo moja usilichague kwa jedwali la hapo juu: gesi ya kuhami swichi za umeme mkubwa. Salfa heksafluoridi huhimili uga mara mbili na nusu hadi tatu ya hewa, lakini sababu yake ni kunasa elektroni huru, si ile 6.54. Amonia ina ε kubwa zaidi na haifai kwa kazi hiyo. Na kabla ya kuitamani salfa heksafluoridi, kumbuka kwamba kilo yake moja hupasha dunia joto sawa na zaidi ya tani 20 za kaboni dioksidi kwa miaka 100.

Wapi kila kanuni inavunjika

Debye iliyounganishwa na Clausius-Mossotti isipelekwe kwenye kimiminika chenye dipoli. Iweke kwa maji ya nyuzi 20 na itakupa konstanti ya karibu −3, ilhali iliyopimwa ni 80. Uga wa jirani ambao kanuni huuchukulia kuwa unaigeuza molekuli kwa sehemu kubwa unatokana na molekuli hiyohiyo, na haiwezi kujigeuza yenyewe. Onsager alilirekebisha hilo mwaka 1936 na Kirkwood akaendelea mwaka 1939. Kwa vimiminika anza na hao. Amonia au mvuke uliobanwa sana unaelekea huko, kwa hiyo tahadhari mapema.

Upande wa pili kabisa iko heli, ambako hadithi inageuka. Elektroni zake ni mbili tu, na upolarikaji wake unaweza kukokotolewa kutoka mekanika ya kwanta kwa usahihi kuliko unavyopimika. Ukijua α, ukapima ε na kanieneo, unapata uhusiano kati ya kanieneo na joto bila kuhesabu molekuli: gesi ndani ya kapasita imekuwa kipimajoto. Taasisi ya vipimo ya Ujerumani, PTB, ilifanya hivyo Berlin, na matokeo yake yalikuwa miongoni mwa yaliyotumika kuiweka konstanti ya Boltzmann kuwa 1.380649 × 10⁻²³ jouli kwa kelvini, katika fasili mpya ya kelvini iliyoanza kutumika tarehe 20 Mei 2019. Walibana heli hadi megapaskali 7, karibu atmosfia 70. Kwa kanieneo hiyo marekebisho ya Clausius-Mossotti yanafika sehemu 1,500 katika milioni, na wao walitafuta usahihi wa sehemu chache tu. Kwa kazi ya namna hiyo kanuni fupi haina nafasi: unaanza na Clausius-Mossotti, unaongeza vipande vya hesabu kwa molekuli zinazogusana mbilimbili na tatutatu, na unapima hata jinsi metali ya kapasita inavyobonyea gesi inapoikandamiza.